Tulikunywa wote, mbona mwenye kosa ni mmoja?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda katika kijiji kimoja kati ya Tandahimba na Newala. Nina mke na mtoto mmoja. Naomba usitoe jina langu wala la kijiji, maana huku tunajuana mpaka kwa mlio wa pikipiki.

Mwezi uliopita, uraka, ile pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), ulipokuwa umechanganya, mimi na rafiki yangu tulipeleka mzigo wa magunia matupu ya korosho kwa mtu mmoja, akatulipa vizuri. Mimi ndiye niliyesema tupitie kwa bibi mmoja anayekamua mabibo. Rafiki yangu alikataa, akasema mkewe anamsubiri. Nikamwambia, "Kopo moja tu, kwani utakufa?" Akacheka, akaja. Nililipia mimi. La pili nikalipia mimi. La tatu aliagiza yeye, ila hela ikatoka kwangu vilevile. Baada ya hapo sikuhesabu.

Tuliondoka jua linazama. Kwenye njia panda yeye akashika kulia, mimi kushoto, tukapigiana honi. Haikupita nusu saa akamgonga mama mmoja aliyekuwa anatoka kuteka maji, ndoo kichwani. Mguu umevunjika mara mbili chini ya goti, amefungwa hogo mpaka pajani. Rafiki yangu alilala ndani siku nne, sasa yuko nje kwa dhamana na kesi inaendelea. Pikipiki iko polisi, na hata si yake, ni ya mkataba.

Mimi nilifika nyumbani, ila sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka honi, kisha nakumbuka asubuhi. Mke wangu anasema niliegesha vizuri tu, nikala, nikalala. Nilipotoka kuiwasha pikipiki nikaona manyoya mekundu ya kuku yamenasa kwenye spoki za gurudumu la mbele, na damu kidogo imekaukia chini ya madigadi. Nikayanyofoa, nikaosha kwa maji ya kunawia uso. Sijamwambia mtu mpaka leo. Sijui nilimgongea wapi huyo kuku wala ni wa nani.

Sasa Mwalimu, kinachoninyima usingizi ni kwamba kijiweni nimegeuka mfano. Mwenyekiti wetu alisimama mbele ya wenzangu akasema, "Igeni kwa huyu, huyu ana adabu ya barabara." Mama mkwe anasema binti yake amepata mume mstaarabu. Na rafiki yangu, polisi walipomuuliza alikuwa anakunywa na nani, alijibu alikuwa peke yake. Hakunitaja. Mkewe tukikutana kisimani ananisalimia vizuri kabisa, na hapo ndipo ninapotamani ardhi ipasuke.

Mjomba wangu anasema nisijisumbue, kila kitu kimeandikwa, yule mama mguu wake ulikuwa uvunjike siku ile. Rafiki yangu naye anasema shetani alimpitia, si yeye, ni uraka. Nami nauliza: kama hakuwa na akili zake, ana kosa gani? Na kama analo, mimi niliyekunywa makopo yaleyale, kosa langu limekwenda wapi? Au kosa langu mimi ni kuku?

Msomaji wako, Tandahimba.

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye yale manyoya. Nitayarudia mwishoni. Kwanza nikusimulie jambo langu mwenyewe, la aibu.

Miaka hiyo nafundisha shule ya msingi huko Lindi, nyuma ya madarasa palikuwa na mwembe. Wavulana wawili wa darasa la tano walitoroka kipindi changu wakaenda kuurushia mawe. Kila mmoja alirusha jiwe lake kupita ukuta wa choo, wala hawakuangalia upande wa pili kuna nani. La kwanza likaangukia mchangani. La pili likatua kwenye paji la uso la binti wa darasa la kwanza. Damu ilikuwa nyingi, unajua kichwa kinavyotoka damu. Mwenye jiwe la pili nilimchapa mbele ya shule nzima. Yule wa kwanza nikamwambia, "Nenda darasani."

Miaka mingi baadaye nilikutana na huyo wa kwanza stendi ya Lindi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Gari lake lilipokuwa linaondoka akanishika mkono akasema, "Mwalimu, jiwe langu mimi lilikuwa kubwa kuliko la mwenzangu." Basi. Akapanda gari. Alikuwa amelibeba lile jiwe muda wote huo, na mimi ndiye niliyemtwika siku nilipomwambia aende darasani.

Kwa hiyo swali lako si geni, na hujaanza kuchanganyikiwa. Hata wanafalsafa limewatoa jasho. Mwaka 1976 Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani walijadiliana juu yake, na jina walilolipa ndilo linalotumika hadi leo, tuseme kwa Kiswahili bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano ambao ungedhani ameusikia kijiweni kwenu: mtu amelewa, gari lake linayumba mpaka linapanda njia ya waenda kwa miguu. Kama hapakuwa na mtu, amepona. Kama palikuwa na mtu, ameua. Mikono ni ileile na pombe ni ileile. Kilichotofautisha ni nani alikuwa anapita, jambo ambalo dereva hakuwa na uwezo nalo hata kidogo.

Hapo ndipo ulipo wewe. Njia yako ilikuwa na kuku, ya mwenzako ilikuwa na mama mwenye ndoo.

Sasa nianze na hilo la akili. Rafiki yako anasema si yeye, ni uraka. Namwelewa, na wengi wetu tukibanwa hukimbilia kwa shetani kwa sababu shetani hana mdomo wa kujitetea. Lakini umenipa mwenyewe ushahidi wa kumkatalia. Ulipomwambia mpitie kwa bibi, alisema nini? Alikataa. Mkewe anamsubiri. Hapo palikuwa na mtu mwenye akili timamu anayejua kesho yake. Kopo la kwanza lilipojazwa, mtu huyo bado yupo. La pili, yupo, ameanza kucheka tu. Uraka si dawa ya usingizi ya kupuliziwa dirishani. Unaingia kwa mdomo, kopo kwa kopo, na kila kopo linahitaji mkono wa mwenyewe kuliinua. Alipomkuta yule mama huenda kweli hakuwa na uwezo wa kushika breki kwa wakati. Lakini uwezo huo haukuibiwa. Aliuweka mezani kwa bibi, kidogo kidogo, huku anajua pikipiki iko nje inamsubiri.

Waislamu wengi huko kwenu wameisikia madrasa ile hadithi kwamba kalamu imeinuliwa, yaani hawaandikiwi dhambi, kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Hesabu tena hao watu. Aliyejilewesha mwenyewe hayumo. Aristotle naye, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anataja sheria za wakati wake zilizompa mlevi adhabu mara mbili kwa kosa alilofanya akiwa amelewa, kwa sababu kulewa kwenyewe kulikuwa mikononi mwake. Na Kanuni ya Adhabu yetu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 14, inasema ulevi kwa kawaida si utetezi. Imeacha mlango mdogo, mfano aliyeleweshwa na mtu mwingine kwa hila bila ridhaa yake. Najua unachofikiria hapo, mwanangu. Hapana. Kumwambia mtu mzima "kopo moja tu, kwani utakufa" ni ujinga na ni ushawishi mbaya, lakini hukumshika taya. Kosa lake mwachie awe nalo mwenyewe. Ukilibeba lote wewe, utakuwa umemfanya mtoto mdogo, na hilo nalo ni dharau.

Mjomba wako simlaumu, anataka ulale. Ila mwambie hivi kwa adabu: kama mguu wa yule mama umevunjwa na maandishi tu, basi na wewe ulifikishwa nyumbani na maandishi tu, na sifa unazopewa kijiweni zirudishwe. Huwezi kuipa kadari hasara za mwenzako, faida zako ukazihesabu kuwa adabu ya barabara. Isitoshe, mjomba huyohuyo akiibiwa korosho zake ghalani hatasema zilikuwa ziibiwe. Atamtafuta mwizi.

Turudi kwako. Umeuliza kosa lako limekwenda wapi. Halijaenda popote, lipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inahesabu kuendesha ukiwa umelewa kuwa kosa hata kama hujamgusa mtu. Hakuna aliyekusimamisha, basi. Ukiniuliza siku ile, saa ile mnapigiana honi, nani kati yenu alikuwa mbaya zaidi, nitakujibu mlikuwa sawasawa. Kama kuna aliyezidi kidogo ni wewe, kwa sababu mwenzako alikataa kwanza.

Lakini kuna kitu kingine ambacho si kosa, na watu hukichanganya nacho. Kiite deni. Kosa linapimwa kwa kilichokuwa ndani ya uwezo wako. Deni linafuata kile ambacho mkono wako umekigusa, hata kama hukukitaka. Angalia Surat An-Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia aliyemuua muumini kwa kukosea, bila kukusudia. Hakukusudia, lakini haambiwi aende zake. Ana kumwacha huru mtumwa, ana diya ya kuwapa watu wa marehemu isipokuwa wasamehe, na asiye na uwezo huo afunge miezi miwili mfululizo. Siifafanui kama shehe, wala kwenu hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Ninachokuonyesha ni kwamba watu waliijua tofauti hii zamani: unaweza kuwa hukukusudia na bado ukadaiwa.

Kwa hiyo rafiki yako anadaiwa zaidi yako. Haimaanishi kuwa roho yake ni mbaya kuliko yako. Mguu uliovunjika ni mmoja, na pikipiki iliyouvunja aliishika yeye. Akiona anaonewa kwa hilo, ana haki ya kuona hivyo kidogo, maana bahati imemwonea kweli. Lakini mguu wa yule mama haujali bahati ya mtu.

Na wewe unadaiwa nini? Hapa nitasema waziwazi. Hela ya makopo ilitoka mfukoni mwako. Neno lililomtoa kwenye "mke wangu ananisubiri" lilitoka mdomoni mwako. Una fungu kwenye deni lile, dogo kuliko lake lakini lipo. Nadhani ndiyo maana salamu ya mkewe inakuchoma. Inakuchoma kwa sababu anakusalimia mtu asiyekuwepo siku ile, na wewe ulikuwepo.

Anza na mkewe na rafiki yako, wote wawili pamoja, nyumbani kwao. Waambie ulichoniambia: ni wewe uliyemvuta, ni wewe uliyelipa. Usiombe kusamehewa siku hiyohiyo, utakuwa unawadai tena. Sema, nyamaza, kunywa maji, ondoka.

Halafu nenda kwa yule mama, na mtu mzima mmoja wa kwenu. Usiende na bahasha ya kumtaka afute kesi. Kesi ya jinai hailipiwi nyumbani kwa mtu, na ukijaribu utamwongezea rafiki yako matatizo. Nenda uangalie kinachokosekana. Mimi sijafika kwake lakini naweza kukisia: huu ni msimu. Mikorosho yake inadondosha sasa hivi, yeye kalala na hogo. Korosho zikilala chini zikanyeshewa zinabadilika rangi, zikifika ghala la chama zinashushwa daraja, na hapo mwaka mzima umekwenda. Anahitaji mtu wa kuinama asubuhi, aokote, atenganishe korosho na bibo lake, aanike, ageuze, na alasiri akateke ndoo za maji. Huo ni mgongo unaotakiwa, na wewe unao. Jitolee siku mbili kwa wiki mpaka msimu uishe, kwa maneno yanayohesabika, si "nikipata nafasi". Mabibo ya shambani kwake usiyaguse, maana utajikuta unamkamulia bibi.

Waulize pia kama ile pikipiki ilikuwa na bima. Bima ya kulinda watu wengine ni ya lazima kwa chombo cha moto, na watu wengi wa vijijini hawajui kuwa aliyegongwa anaweza kufuatilia fidia. Kama kuna msaidizi wa kisheria wilayani kwenu, mpeleke ndugu wa yule mama akaongee naye. Na wewe ukaongee naye kabla ya kwenda polisi, maana nakushauri uende. Rafiki yako amesema alikuwa peke yake. Ni uongo wa upendo, lakini amewaambia polisi, na siku uongo huo ukijulikana utamrudia yeye. Usimwache asimame na uongo huo mbele ya hakimu kwa ajili yako.

Kijiweni huna haja ya kutubu kwa kipaza sauti. Mwenyekiti akikusifu tena, sema tu, "Mwenyekiti, siku ile na mimi nililewa. Nilipona." Maneno hayo saba yatawafundisha vijana wale kuliko hotuba zake zote, maana kila mmoja wao ana jioni yake ya namna hiyo, ila hakukuta mtu barabarani. Huenda wakakucheka. Huenda mmoja wao akaiacha pikipiki kwa bibi na kurudi kwa miguu.

Usiku ule usioukumbuka usiufanye mchezo. Mwili wako uliendesha, ukaegesha, ukala, na hukuwepo. Mwenye kufikia hapo asijipangie kwamba safari ijayo atakunywa kidogo. Apange mapema, akiwa na akili zake, ufunguo utakuwa kwa nani. Mpe mkeo kabla hujatoka, au acha pikipiki nyumbani uende kunywa kwa miguu. Sikukatazi uraka, nimezaliwa huku, najua harufu ya mabibo inavyoita jioni. Nakukataza kuingia na ufunguo mfukoni.

Sasa kuku.

Uliosha spoki bila kumwambia mkeo, hapo ndipo ulipoanza kumficha yule mtu wa siku ile. Njia uliyoshika unaijua: kushoto ya njia panda mpaka kwako. Siku moja ipite kwa miguu, jioni, saa zile kuku wanaporudi bandani. Uliza nyumba kwa nyumba nani alipotelewa na kuku mwekundu mwezi uliopita. Wengine watakuona umechanganyikiwa. Kuna bibi mmoja atatoka na ufagio mkononi, akuambie tetea wake aliliwa na kicheche. Mwambie hapana bibi, ni mimi. Atataka bei ya kuku na ya mayai ambayo angetaga. Mlipe yote, usipunguze hata mia.

Niandikie ukimpata.

Mwalimu